Ukimya wa Seva na Hukumu ya Mafqudi

Kuna hali moja ambayo fakihi wa karne za mwanzo za Uislamu na mhandisi wa mifumo ya kompyuta wa leo wameikuta ikiwa na umbo lile lile: aliye mbali amenyamaza, wanaomtegemea hawawezi kuendelea na mambo yao bila kujua kama yuko hai, na hakuna njia ya kwenda kumtazama kwa macho kabla ya kuamua. Fakihi alimwita mtu huyo mafqudi, yaani aliyetoweka bila habari zake kujulikana, akalazimika kusema ni lini mkewe aweza kuolewa tena na ni lini mali yake igawiwe warithi. Mhandisi anashughulika na seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya wasomaji wa tovuti na kuwarudishia kurasa, ambayo ni moja tu kati ya nyingi zinazofanya kazi bega kwa bega, naye hulazimika kusema ni lini seva hiyo iondolewe katika safu na kazi yake ikabidhiwe wenzake. Umbali wa hadhi kati ya mume wa mtu na mashine ni mkubwa, na baadaye utahitaji kuangaliwa kwa makini, lakini swali la kielimu lililo chini ya hali zote mbili ni moja: kimya kinathibitisha nini, na anayeamua juu ya kimya anaipata wapi haki ya kuamua?

Tovuti inayotembelewa na watu wengi haiwezi kubebwa na kompyuta moja, na kwa hiyo seva kadhaa hupangwa kuwa kundi, kisha mbele yake huwekwa programu iitwayo kisawazisha mzigo, ambayo hupokea kila ombi linaloingia na kulikabidhi kwa seva mojawapo. Kisawazisha mzigo hakina macho. Inachokijua programu hiyo kuhusu seva zake ni kile tu kinachopita katika waya. Ndiyo maana hufanyika ukaguzi wa afya, yaani kuiuliza kila seva swali fupi kwa vipindi vilivyopangwa na kungoja jibu: seva iliyo timamu hurudisha namba 200, ambayo katika kanuni za wavuti ina maana kwamba ombi limetimizwa, na seva iliyoelemewa hurudisha 503, ikimaanisha kwamba kwa sasa huduma haipatikani. Katika mifumo mingine mwelekeo hugeuzwa, na seva yenyewe ndiyo inayotuma ujumbe mdogo kila baada ya muda kutangaza kwamba ingali ipo. Wahandisi huuita ujumbe huo mapigo ya moyo. HAProxy, ambayo ni kisawazisha mzigo kinachotumika sana, isipopewa maelekezo mengine huuliza kila baada ya sekunde 2, huihesabu seva kuwa imeanguka baada ya kukosa majibu 3 mfululizo, na huirejesha baada ya majibu mema 2. Namba hizi huonekana kama jambo la ufundi tu, lakini ndani yake ndimo linamokaa swali zima, kwa kuwa hakuna chochote katika maumbile ya seva kinachosema kwamba kifo huanza kwenye kimya cha tatu.

Seva inaweza kunyamaza kwa sababu umeme umekatika, au kwa sababu kifaa kinachoiunganisha na mtandao kimeharibika ilhali yenyewe haina dosari. Inaweza kunyamaza kwa kuwa imesimama sekunde chache kusafisha kumbukumbu yake, baada ya hapo itaendelea pale ilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Jibu lake laweza kuwa limetoka na lingali njiani. Yamkini pia mkaguzi ndiye aliyeelemewa, akawa na majibu mlangoni pake asiyoweza kuyasoma kwa wakati. Kwa anayesubiri, hali hizi zote zina sura moja. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kwa hisabati kwamba katika mfumo ambao ujumbe unaweza kuchelewa bila ukomo unaojulikana, hakuna utaratibu usiotumia bahati nasibu unaoweza kuwahakikishia washiriki kufikia mwafaka ikiwa hata mmoja wao anaweza kufa katikati ya mashauriano. Na mzizi wa uthibitisho huo ni kwamba aliyekufa hawezi kutofautishwa na anayechelewa. Al-Ghazali, katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal, alieleza jinsi jicho linavyokiona kivuli kimesimama ilhali kinasogea polepole, na jinsi akili inavyokuja kulisahihisha jicho. Jambo zito katika matokeo ya mwaka 1985 ni kwamba hapa hakuna hakimu wa juu zaidi anayekuja kusahihisha. Hata chombo bora zaidi hakitaliondoa shaka hili, kwa sababu linatokana na hali yenyewe ya kujua kwa kupitia ujumbe.

Yakini ikikosekana, kinachobaki ni dhana iliyotiwa nidhamu. Tushar Chandra na Sam Toueg waliipa dhana hiyo sarufi yake mwaka 1996 walipoeleza kigunduzi cha hitilafu, yaani chombo ambacho kila mshiriki wa mfumo hukiuliza ni nani kwa sasa anashukiwa kuwa amekufa. Walikipima kwa sifa mbili: ukamilifu, wenye maana kwamba kila aliyekufa kweli hatimaye atashukiwa, na usahihi, wenye maana kwamba aliye hai hatashukiwa. Kila sifa peke yake ni rahisi hata kufikia upuuzi, kwa kuwa anayewashuku wote daima amekuwa mkamilifu, na asiyemshuku yeyote daima amekuwa sahihi. Ugumu uko katika kuziunganisha. Hata hivyo walionyesha kwamba mwafaka unawezekana kwa sharti dogo la kushangaza, yaani walio wengi wabaki hai, kila aliyekufa aje kushukiwa walau na mmoja wa walio hai, na ufike wakati, usiojulikana na yeyote, ambapo angalau mmoja wa walio hai hatashukiwa tena na mwenzake yeyote. Kwa kipimo cha falsafa hili ni miongoni mwa matokeo mazuri kabisa yaliyotoka katika elimu ya kompyuta, kwa sababu linasema kwamba jumuiya haihitaji kujua ukweli wa kila mwanachama wake ili itende kwa pamoja; yatosha wapate mmoja wa kumwamini, hata kama hawajui wamempata lini.

Mafakihi walifika kwenye nidhamu hiyo kwa njia yao. Kanuni waliyoanzia ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na tawi lake ni istis-hab, yaani kuichukulia hali iliyojulikana kuwa ingali ipo mpaka ipatikane dalili ya kuibadilisha: mtu aliyejulikana kuwa hai anahesabiwa hai. Kanuni hiyo ikifuatwa bila mpaka, mke wa mafqudi hufungwa maisha yake yote kwa mtu asiyekuwepo, na kwa hiyo ilibidi kupimwa dhidi ya madhara. Imepokewa kutoka kwa Umar ibn al-Khattab kwamba mwanamke huyo angoje miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa ya miezi 4 na siku 10, ndipo awe huru, na madhehebu ya Maliki yameijenga hukumu yake juu ya msingi huo. Mahanafi wa zamani walielekea kusubiri mpaka wanarika wake katika mji wake wawe wamekufa. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alikuwa na kauli ya zamani iliyokubaliana na miaka 4, na kauli mpya iliyomtaka mke asubiri mpaka ipatikane yakini ya kifo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyochota katika mapokeo ya Kiingereza, inaweka miaka 7, nayo ina sharti lenye hekima kubwa: kimya kinachohesabiwa ni kile cha mtu ambaye wale waliotarajiwa kupata habari zake hawakuzipata, na dhana ya kifo hubaki ikiweza kupingwa kwa ushahidi.

Sharti hilo linafichua kwa nini mapigo ya moyo yalibuniwa. Kimya cha asiyewahi kuahidi kusema hakina maana yoyote. Kimya hugeuka kuwa dalili pale tu kinapovunja matarajio, na seva inayotuma ujumbe kila sekunde imejifunga kwa namna ya ahadi, hata kutokusema kwake kukawa ni kusema. Kutokana na wazo hilo Naohiro Hayashibara na wenzake walitoa mwaka 2004 kigunduzi ambacho hakitamki hai au mfu bali hutoa kiwango cha shaka kinachopanda kadiri kimya kinavyorefuka, na kiwango hicho hukokotolewa kutokana na mazoea ya seva husika, kiasi kwamba seva ambayo mapigo yake huchelewa kila siku haishukiwi haraka kama ile iliyozoea kuwahi. Hifadhidata ya Cassandra imekitumia kigunduzi hicho. Wale waliosema mafqudi apimwe kwa umri wa wanarika wake walikuwa wakifanya jambo la jinsi hiyo hiyo, kwa kuwa muda wa kungoja waliutoa katika ada, hawakuuweka kwa tarakimu moja inayofaa wote.

Hukumu ya Kihanafi ina upande mwingine ambao mhandisi angeutambua mara moja. Mahanafi walisema kwamba mafqudi ni hai katika haki zake mwenyewe na ni mfu katika haki za wengine: mali yake haigawiwi, lakini akifa jamaa yake, mafqudi hamrithi moja kwa moja, bali fungu lake huzuiliwa mpaka hali yake ibainike. Kwa maneno mengine, istis-hab hulinda kilichokuwepo na haileti kipya. Visawazisha mzigo hufanya vivyo hivyo kwa seva iliyo katika hali ya kati, huiacha imalize maombi iliyokwisha kuyapokea na kuinyima mapya, na mfumo wa Kubernetes umetenganisha maswali mawili ambayo zamani yalichanganywa, moja likiuliza kama programu ingali hai, na jibu baya likisababisha iwashwe upya, na la pili likiuliza kama iko tayari kupokea kazi, na jibu baya likisababisha isipelekewe wageni tu. Makosa mengi mazito katika uendeshaji wa makundi ya seva hutokana na kuyajibu maswali haya mawili kwa ukaguzi mmoja. Seva inayosubiri hifadhidata iliyochelewa haiko tayari, lakini kuizima na kuiwasha upya hakuiponyi hifadhidata, na zikizimwa zote kwa pamoja tovuti nzima huanguka kwa kosa ambalo si la seva hata moja.

Zaidi ya hapo kuna suala la hukumu iliyotolewa kwa utaratibu sahihi na bado ikawa na makosa. Tarehe 21 Oktoba 2018, kampuni ya GitHub, inayohifadhi kazi za mamilioni ya waandishi wa programu, ilikuwa ikibadilisha kifaa cha mawasiliano katika pwani ya mashariki ya Marekani, na kiungo kati ya kitovu cha mtandao na kituo kikuu cha data kikakatika kwa sekunde 43. Katika muda huo programu za kusimamia hifadhidata zilizobaki zikionana zilikusanya akidi, yaani idadi ya kura inayotosha kuuhalalisha uamuzi, zikaamua kwamba seva kuu za mashariki hazipo, zikahamishia mamlaka ya kuandika upande wa magharibi. Seva za mashariki zilikuwa hai, tena zilishika maandishi ya sekunde chache ambayo magharibi haikuwa imeyapata. Kiungo kiliporudi kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na huduma ilibaki na kasoro kwa saa 24 na dakika 11, kwa kuwa wahusika walichagua kuilinda data hata kama urejeshaji ungechelewa. Hilo ni tatizo la mafqudi anayerejea na kumkuta mkewe ameolewa, ambalo imepokewa kwamba Umar alilijibu kwa kumpa mume wa kwanza hiari kati ya mkewe na mahari. Jibu hilo halikuchukulia kwamba kurejea kwake peke yake kunafuta yote yaliyotendeka wakati akihesabiwa kuwa amekufa.

Wahandisi wamebuni kinga dhidi ya marejeo kama hayo, nayo ndiyo inayoonyesha mahali ambapo ulinganisho kati ya mashine na mtu lazima ukomee. Kabla ya kumpa mrithi mamlaka, makundi mengi ya seva huamuru umeme wa seva inayoshukiwa ukatwe, ili kama haikuwa imekufa, sasa iwe imekufa. Shaka haikuondolewa kwa kuupata ukweli. Imeondolewa kwa kuufanya. Kwa mashine hilo ni halali na ni busara, kwa sababu mashine haina haki ya kuwepo inayoshindana na usalama wa data. Kwa mtu, hakuna fakihi, kadhi wala mbunge aliyewahi kufikiri kwamba tatizo la mafqudi litatuliwe kwa kuhakikisha harudi, na yeyote anayeichukua lugha ya afya na kifo kutoka kwenye seva na kuirudisha kwa wanadamu anapaswa kukumbuka kwamba lugha hiyo inakuja ikiwa imebeba ruhusa ambayo wanadamu hawakuitoa.

Kosa la upande wa pili, la kumhesabu mgonjwa kuwa mzima, huzungumzwa kidogo ingawa huenda ndilo la kawaida zaidi. Mwaka 2017 Peng Huang na watafiti wenzake, wengi wao wa Microsoft, walieleza hitilafu za kijivu, yaani hali ambapo watumiaji wanaumia ilhali vigunduzi vyote vinaonyesha uzima, kwa sababu wanaotumia na wanaokagua hawaioni seva kwa jicho moja. Swali la ukaguzi mara nyingi ni jepesi mno: seva hurudisha 200 kutoka katika kumbukumbu yake bila kugusa diski iliyoharibika, kama mtu anayejibu salamu kwa neno “nzuri” kabla hajasema kwamba ana homa. Kuongeza wakaguzi hakusaidii ikiwa wote wanapita njia moja. Wanazuoni wa hadithi walilijua hilo walipoiita habari mutawatiri, yenye kuleta yakini, pale tu inapopokewa na watu wengi katika kila tabaka ambao haielekei wakubaliane juu ya uongo. Habari ya watu ishirini waliomsikia mpokezi mmoja ingali ni habari ya mmoja. Wakaguzi watano katika chumba kimoja, nyuma ya kifaa kimoja cha mtandao, ni shahidi mmoja mwenye sauti tano.

Kutokana na hayo hufuata wajibu wa mkaguzi kujishuku mwenyewe. Chukua kundi la seva 10, kila moja ikitumia asilimia 80 ya uwezo wake: ikiondolewa moja kwa kimya kifupi, zilizobaki hupanda mpaka karibu asilimia 89, na ikiondolewa ya pili hufika asilimia 100, zikaanza kuchelewa, zikashukiwa, zikaondolewa, mpaka ukaguzi wenyewe ukawa ndio ugonjwa. Programu iitwayo Envoy ina kanuni inayolikabili jambo hili kwa ushujaa: seva zinazohesabiwa nzima zikipungua chini ya asilimia 50, kwa kawaida yake huacha kuzisikiliza ripoti za afya na kugawa maombi kwa seva zote. Ndani ya kanuni hiyo kuna hukumu ya kielimu, kwamba shahidi anayedai wengi wamekufa kwa pamoja amejitia yeye mwenyewe mashakani.

Umuhimu wa haya haukomei kwenye tovuti, kwa sababu utaratibu wa mapigo ya moyo umekwisha kuwafikia watu. Katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, wastaafu hutakiwa mara kwa mara kuhakikiwa ili ithibitike kwamba wako hai na kwamba pensheni hailipwi kwa majina ya marehemu, na sababu ya utaratibu huo ni ya haki. Lakini mzee asiyefika anaweza kuwa amelazwa, au hana nauli, au tangazo halikumfikia, na kwa anayesoma orodha ofisini hali hizi zote, pamoja na kifo, zina sura moja. Gharama ya hukumu potofu haimwangukii aliyeiweka tarehe ya mwisho. Inamwangukia yule asiye na dawa mwezi huo. Katika fikihi ya Maliki ile miaka 4 haikuanza kuhesabiwa siku mume alipopotea, bali baada ya shauri kufika kwa kadhi, kadhi akaulizia katika sehemu alikodhaniwa kuwa ameelekea, na kukata tamaa ya kupata habari zake. Hukumu ilikuwa na mtu anayeitamka na kuulizwa juu yake. Itifaki iitwayo SWIM, iliyotolewa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, inaipa mashine heshima inayokaribiana na hiyo: mshiriki asiyepata jibu haharakishi kutangaza kifo, bali huwaomba wenzake kadhaa wamwulize mshukiwa kwa njia zao, na asipopatikana hutangazwa kwanza kuwa anashukiwa, kukiwa na muda ambao yeye mwenyewe anaweza kuisikia tuhuma na kuikanusha. Ofisi ya pensheni inayo njia za aina hiyo tangu zamani, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa anamjua mzee huyo, zahanati ina jina lake, na msikiti au kanisa lake linajua kama amezikwa. Kinachotakiwa ni kanuni iandikwe kwamba kabla jina halijaondolewa, wawili kati ya hao wawe wameulizwa, na jina la ofisa aliyeuliza liwekwe kando ya jibu.